Ushanga wa Sita

Kimilili
10 Januari 1971

Dada yangu Naliaka,

Salamu zikukute huko Kangemi wewe na huyo Nthenya mnayekaa naye chumba kimoja. Sisi Mungu bado anatushikilia. Mahindi yote yako ghalani, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na mama yetu Peres anagombana na kuku wa jirani kila asubuhi, kwa hivyo ujue ni mzima. Useremala unakwenda. Shule ya misheni imeniagiza madawati na sina nafasi hata ya kunywa chai nikiwa nimekaa.

Anayekuletea barua hii ni wifi yako Nanyama, na mgongoni amembeba Makokha. Ana miaka minne, lakini ukimwona utasema ana miwili. Mikono ilivimba ikapona, miguu ikavimba ikapona, sasa macho yamekuwa ya manjano na analia kwamba mifupa inamuuma. Ndivyo walivyoanza wale wawili tuliowazika. Huyu tulimpa jina la mtoto wa kwenye majivu, ili mauti yamwone takataka yampite. Naona hayajapita mbali.

Baba mdogo Were amekuwa akija hapa na wazee wenzake. Sitaki kuyaandika yote wanayosema. Wanasema tumbo la Nanyama lina shida, na kwamba watu wa kwao walituficha jambo tulipokwenda kuposa. Wewe unapima damu za watu katika maabara ya hospitali kuu. Pima hii, utuambie ukweli.

Ukipita River Road ninunulie bawaba za mlango, za shaba.

Ndugu yako,
Sifuna

Nairobi
7 Februari 1971

Kaka Sifuna,

Wageni wako walifika salama na nimefurahi kuwaona kuliko ninavyoweza kusema. Nthenya amempenda Makokha mara moja na anamfundisha nyimbo za Kikamba. Msalimie mama, umwambie nimepata zile ndizi na zimekwisha siku hiyo hiyo.

Sasa habari ya damu. Mtoto ana ugonjwa wa seli zinazojikunja mfano wa mundu. Si uchawi, wala si laana. Nitakueleza kama alivyonieleza mkubwa wangu, Bwana Mwendwa, nilipoingia maabara.

Kila kiumbe hai, wewe, ndama wako, mahindi, hata mbu, kimejengwa kwa protini. Protini ni uzi wa shanga. Shanga zenyewe huitwa asidi amino, na aina zake ni kama ishirini tu, lakini mpangilio wake ndio unaoamua uzi huo utafanya kazi gani. Protini inayoitwa himoglobini ndiyo inayofanya damu iwe nyekundu, na kazi yake ni kuchukua oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka mwilini. Katika uzi mmoja wa himoglobini ya Makokha, wenye shanga zaidi ya mia, ushanga wa sita si wenyewe. Ule unaotakiwa pale unapenda maji. Huu ulioingia unayakimbia. Basi himoglobini ikishatoa oksijeni, hizo shanga zinazokimbia maji zinajificha kwa kushikamana, zinajipanga kama fito ngumu, na seli inapinda. Seli iliyopinda haipiti kwenye mishipa midogo. Inaziba, na hapo ndipo mifupa inapouma.

Tunaona hivi: tunaweka tone la damu kwenye ukanda wa karatasi uliolowa maji yenye chumvi za dawa, kisha tunapitisha umeme. Ule ushanga wa kawaida una chaji ya umeme, huu mwingine hauna, kwa hivyo himoglobini ya kawaida inakimbia mbele na hii inabaki nyuma. Damu ya Nanyama ilitoa mistari miwili, mmoja wa kawaida na mmoja wa ile nyingine. Damu ya Makokha ilitoa mmoja tu, ule wa nyuma. Nanyama mwenyewe si mgonjwa wala hatakuwa mgonjwa.

Mtoto anapata dawa ya kuzuia malaria, na anatakiwa anywe maji mengi na akae penye joto. Bawaba nimempa dereva wa lori la Wafula.

Dada yako,
Naliaka

Na wewe uje upimwe. Nilikaribia kusahau.

Kimilili
3 Machi 1971

Dada Naliaka,

Tumepata barua na bawaba. Bawaba ni za chuma, nilisema za shaba. Huku mvua imeanza kunusa, watu wanalima. Mama anakohoa kidogo, lakini haimzuii kusema.

Barua yako niliwasomea wazee wote sebuleni kwangu, kwa sababu waliniomba. Walisikiliza kwa utulivu mpaka ulipofika kwenye mistari miwili ya Nanyama. Baba mdogo Were akasimama. Akasema, "Umesikia mwenyewe? Hata mashine ya serikali imesema. Nusu ya damu yake imeharibika." Hakuna aliyetaka kusikia habari ya shanga baada ya hapo.

Wameamua Nanyama arudi kwao Chwele. Wameona msichana upande wa Kitale, wa watu wazuri. Mimi nimtume mtu amchukue Makokha aje akae na bibi yake.

Kuhusu mimi kuja kupimwa, madawati hayajaisha. Na mama amekataa kabisa. Anasema Nairobi ndiko walikokuwa wazimamoto wa kunyonya watu damu, na kwamba binti mmoja kufanya kazi katika nyumba ya damu kunamtosha.

Wako,
Sifuna

Nairobi
21 Machi 1971

Kaka Sifuna,

Natumaini kikohozi cha mama kimepoa. Mpe asali. Huku sote wazima, na Makokha amenenepa kidogo mashavuni.

Nimeisoma barua yako nikakasirika, na kwanza nikajikasirikia mimi mwenyewe. Nilikuandikia kana kwamba namwandikia mtu wa maabara. La maana kuliko yote nikalitupa chini ya sahihi yangu, nikawapa wazee kisu na kuwaonyesha mahali pa kukata. Leo naandika kwa lugha ambayo hata baba mdogo hawezi kuikunja.

Kila mtu hupewa maagizo mawili ya kutengeneza uzi ule. Moja anapewa na mama, moja anapewa na baba. Makokha hana uzi wa kawaida hata mmoja. Kama baba yake angempa agizo zuri, mstari wa mbele ungeonekana, na haupo. Huko kwetu tunasema mtoto ni damu ya baba, mama ni chungu tu cha kumbebea. Sawa, basi hiyo damu ya baba imo, nusu kwa nusu na ya mama. Sihitaji kukuchoma sindano kulijua hilo. Nataka ulijue wewe.

Ukidhani nasema haya kumtetea wifi, sikiliza. Wiki iliyopita nilijitoa damu mwenyewe, nikaiweka kwenye karatasi pamoja na za wagonjwa. Ilipokauka, Bwana Mwendwa akaiinua akauliza, "Hii ya nani?" Nikamwambia ni yangu. Mistari miwili, kaka, sawasawa na ya Nanyama. Hatukuitoa Chwele. Imetoka nyumbani kwetu, kwa baba au kwa mama, au kwao wote wawili. Unamkumbuka ndugu yetu Haron alivyokuwa akilia magoti? Nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja mpaka siku alipokufa.

Na usidhani ni damu mbovu. Mwenye mistari miwili malaria humwonea haya. Mwaka ule homa ilipobeba watoto wa kijiji, mimi na wewe tuliugua siku chache tukaenda kuchezea mtoni. Kilichomuua Haron huenda ndicho kilichotuokoa sisi.

Sitakudanganya hata kwa faida yangu. Ukioa mwanamke asiye na uzi huu, watoto wako hawatapata ugonjwa wa Makokha. Na Nanyama akiolewa na mwanamume asiye nao, wake pia hawataupata. Mkibaki pamoja, kila mimba ni bahati mpya: moja kwa nne ya kuzaa mgonjwa. Waliotangulia hawapunguzi hesabu. Kuchagua ni kwenu wawili. Lakini hutamfukuza kwa kosa ambalo nusu yake ni yako.

Mimi ndiye senge wa mtoto huyu, shangazi yake. Unajua senge ana neno. Makokha haondoki hapa mpaka baba yake aje mwenyewe.

Naliaka

Nairobi
16 Mei 1971

Kaka,

Hamjambo nyumbani? Sijui, kwa kuwa hujaniandikia. Nasikia habari zenu kwa dereva wa lori. Ameniambia mmepanda, na mama ameacha kukohoa.

Nanyama amepata kazi ya kufua nguo katika nyumba tatu za Kilimani. Anatoka alfajiri na kurudi saa tisa, na mtoto anashinda na mama mwenye nyumba. Hajaniuliza hata siku moja kama umejibu. Mimi ndiye ninayetazama mikono ya mtu wa posta kama mjinga.

Bawaba nimekutumia, za shaba safari hii. Jibu la barua yangu ya Machi bado sijaliona.

Naliaka

Kimilili
13 Juni 1971

Dada Naliaka,

Bawaba ni nzuri, asante. Mvua imekuwa nyingi, maharagwe yameoza kidogo upande wa mtoni. Madawati yalikwisha na mwalimu mkuu akanipa kazi ya milango. Ndama amekua. Mama anakusalimu sana.

Barua yako ya Machi nilimsomea mama mpaka ulipomtaja Haron. Hapo nikaruka, nikamsomea ya asali mara ya pili. Aliniambia mbona Naliaka amerudia.

Yule mzee wa Kitale, baba wa msichana, amekuja mara mbili. Sijasema ndiyo. Sijasema hapana vilevile. Nikae nikifikiria, au nikae nikichonga, ni mamoja, hakuna linaloendelea.

Unaniandikia kama mtu anayezungumza na karatasi yake ya umeme. Wewe uko Nairobi, ukisema damu yako ina mistari miwili, bwana mkubwa wako anaandika na kuendelea na kazi. Mimi nikisimama hapa niseme ni yangu, baba mdogo atauliza basi na ya baba yetu marehemu ilikuwaje, na ya mama ilikuwaje, na binti zetu nani atawaposa. Nitakuwa nimeuweka ukoo mzima juani. Mambo ya damu usiniandikie tena.

Mtoto anakula?

Sifuna

Nairobi
25 Julai 1971

Kaka Sifuna,

Salamu kwa mama. Wengine nitawasalimu siku nyingine.

Baridi ya mwezi huu imemshika Makokha. Unajua Kangemi Julai, ukungu hauondoki mpaka saa sita. Tulimfunika blanketi zote tulizonazo, lakini kifua kikapata homa, pumzi ikapungua, na oksijeni ikipungua, zile seli hupinda kwa wingi. Alilia mpaka sauti ikakatika. Nanyama alimbeba, mimi nikabeba nguo, tukampeleka hospitali. Damu yake ilikuwa imekuwa maji. Daktari akasema aongezewe mara moja.

Yangu haikulingana na yake, ya Nanyama daktari aliikataa kwa sababu amedhoofika. Nthenya akakunja mkono wa blauzi bila kuombwa. Nikaipima mwenyewe, mstari mmoja, wa mbele. Kwa hivyo mwambie baba mdogo Were kwamba mjukuu wake anaishi kwa damu ya binti wa Mkamba wa Machakos, na anaendelea vizuri.

Yuko wodini bado. Anakula uji, anakunywa maji, na amemtukana nesi, jambo lililotufurahisha sote. Siwezi kukuahidi atakuwa mzee. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa, una uangalizi tu, na wengi hawavuki utoto. Mimi nimekata shauri kwamba huyu atavuka, na Nanyama amekata shauri kabla yangu. Watu wawili hatutoshi.

Jana aliuliza baba yake anafanya nini siku zote hizi. Nanyama akamwambia, "Anatengeneza milango." Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, akaendelea kumpangusa uso.

Ulinikataza nisikuandikie mambo ya damu. Nimekuandikia. Nitakuandikia na mwezi ujao, na unaofuata, na siku utakayooa Kitale nitaandika barua isomwe harusini, na mama ataisikia yote bila kurukwa. Unanijua.

Ni mimi,
Naliaka

Kimilili
8 Agosti 1971

Dada,

Nakuja na basi la Ijumaa. Mama nimemwambia nakwenda kununua vitasa River Road. Usimwambie Nanyama kinachonileta. Andaa sindano.

Sifuna

Kimilili
19 Septemba 1971

Mpendwa dada yangu Naliaka,

Tulifika salama sote watatu. Makokha alilala njia nzima, na tangu tufike anafuata ndama kila aendako, na chupa ya maji imening'inia shingoni kama ulivyoagiza. Mpe Nthenya shukrani zangu tena, nilipomshukuru pale chumbani ulimi ulikuwa mzito. Mwambie mtoto anatuimbia Kikamba na mama anadhani ni Kiingereza.

Nimekaa mwezi mzima bila kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nimalize. Siku ile ulipoiinua karatasi dirishani unionyeshe, nilikuwa bado natumaini kwamba umekosea. Niliiona mistari miwili kabla hujasema neno. Bwana Mwendwa aliniwekea yangu kando ya ya Nanyama, na nikashindwa kujua ipi ni ipi mpaka aliposoma nambari. Nilikuahidi pale kwamba nitawaambia watu wa nyumbani. Uliniangalia kama mtu asiyeamini, na ulikuwa na haki.

Jumapili iliyopita niliwaita. Baba mdogo Were alikuja na wazee, akidhani nimewaitia habari ya Kitale, na alikuwa amevaa koti. Nanyama alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi na wanawake. Mama alikaa mlangoni. Niliwaambia kila kitu, uzi, shanga, mgao wa baba na wa mama, kisha nikasema, "Nimepimwa. Mimi na Nanyama ni sawa. Watoto wale niliwaua mimi kama alivyowaua yeye, na hakuna kati yetu aliyeua." Baba mdogo akaniambia nimelishwa kitu Nairobi. Nikamjibu nimelishwa ugali kwa dada yangu. Akasema basi niandike mwenyewe barua Kitale ya kukataa, na nisitegemee mkono wake nikipata shida. Barua nilikuwa nimeshaiandika, nikampa aisome. Waliondoka bila kunywa chai.

Mama hakuondoka. Nilimsomea barua yako ya Machi, na nilipofika kwa Haron sikuruka. Hakulia. Aliniuliza kama inawezekana ilitoka kwake, nikamwambia kama ni ugonjwa huu, basi ilitoka kwake na kwa baba, nusu kwa nusu. Akasema miaka yote amekuwa akimchukia jirani wetu wa zamani kwa kifo cha mtoto yule, na yule mama alishakufa. Akaingia ndani. Jioni alitoka na maziwa ya moto akampelekea Makokha, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayemjazia ile chupa.

Kuhusu watoto wengine, hatujaamua. Nilijifunza hesabu yako ya moja kwa nne, na kila nikiifanya jibu linanitisha. Tukiamua, senge utajua.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Wazee walipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba. Wanawake walikuwa wamekwenda, Nanyama yuko peke yake na rundo la mahindi. Nilikuwa sijamwambia neno, Nairobi wala kwenye basi. Nilitaka alisikie baada ya kulisema mbele ya watu. Basi nikamweleza kuanzia mwanzo, nusu yangu na nusu yake. Naliaka, nilitegemea atalia, au atanishukuru. Mimi ni mtu mpumbavu, nilitegemea kushukuriwa.

Hakuacha kupukuchua. Akasema, "Nilijua tangu mwezi wa pili. Mtoto ana mama na ana baba, ile hesabu si ngumu. Nilikuwa nangoja nione utaniacha niibebe peke yangu mpaka lini."

 Nilichukua hindi nikakaa, nikaanza kupukuchua.

Ndugu yako,
Sifuna